Trai Mbili za Twickenham

Tarehe 4 Januari 1913, katika uwanja wa Twickenham huko London, Uingereza na Afrika Kusini walikutana kwenye raga, na trai zilizofungwa siku ile zilikuwa mbili tu. Moja ilifungwa na Mwingereza aliyeitwa Ronald Poulton. Ya pili ilifungwa na kijana wa Afrika Kusini, Jackie Morkel. Afrika Kusini walishinda 9 kwa 3, na ilikuwa mara ya kwanza timu ya Uingereza kufungwa katika uwanja ule.

Haikutimia miaka mitatu na nusu kabla wafungaji wote wawili hawajafa, kila mmoja akiwa na umri wa miaka 25. Poulton alifia Ubelgiji. Morkel alifia huku kwetu, Afrika Mashariki, katika vita vilivyopiganwa kwenye ardhi ambayo haikuwa yake wala ya wale waliomtuma. Leo nataka kuwasimulia habari za Morkel, vijana wangu wa Kabianga, kwa sababu mnacheza mchezo aliocheza yeye, na kwa sababu vita vilivyomuua viliacha alama hadi hapa Kericho, kwenye mashamba ya chai mnayopita kila asubuhi mkienda shule.

Kwanza niwaeleze wadogo zenu ambao bado hawajaingia uwanjani. Katika raga, trai ni kuubeba mpira hadi nyuma ya mstari wa goli la wapinzani na kuugusisha chini kwa mkono. Siku hizi trai ina pointi 5. Enzi za Morkel ilikuwa na pointi 3, sawa na penalti moja. Ukishafunga, mwenzako alipewa nafasi ya kuupiga mpira kwa mguu upite katikati ya milingoti, juu ya ule mti wa kukingama, na hapo mliongezewa pointi 2. Wachezaji walikuwa 15 kila upande kama sasa, lakini hapakuwa na wachezaji wa akiba. Mtu akivunjika mguu dakika ya kumi, alibebwa nje, na wenzake 14 walibaki kucheza mpaka filimbi ya mwisho. Fikirieni hilo mnapolalamika kwamba kocha amewatoa mapema.

Jackie Morkel alizaliwa mwaka 1890 Somerset West, mji ulio karibu na Cape Town, katika eneo la mashamba ya zabibu. Majina yake kamili yalikuwa Jan Willem Hurter Morkel. Ukoo wa akina Morkel ulikuwa mkubwa, na raga kwao ilikuwa jambo la nyumbani kama mbio zilivyo kwetu. Mnajua jinsi boma moja la Kipsigis linavyoweza kutoa wakimbiaji watatu, wanne, na jirani akashangaa wanakula nini. Ndivyo ilivyokuwa kwa Morkel. Katika timu ya Afrika Kusini iliyosafiri kwa meli kwenda Ulaya mwaka 1912 walikuwemo akina Morkel wanne: Dougie na Boy, waliocheza mbele kwenye skramu, na ndugu wawili wa tumbo moja, Gerhard na Jackie. Gerhard alikuwa fulbeki, mlinzi wa mwisho kabisa. Jackie alicheza senta, mbele ya kaka yake. Ikitokea wapinzani wamempita mdogo, wanamkuta mkubwa. Na kana kwamba hiyo haitoshi, timu ileile ilikuwa na ndugu watatu wa ukoo wa Luyt. Nahodha aliitwa Billy Millar.

Watu walikwisha kuizoea timu hiyo kwa jina la Springboks, jina la swala wa kusini, lililoanza kutumika katika ziara yao ya kwanza ya Ulaya mwaka 1906. Ziara hii ya pili ilikuwa na mechi 27. Walishinda 24, wakapoteza 3.

Sasa sikilizeni mpangilio wa mechi kubwa tano za Jackie. Tarehe 23 Novemba 1912 waliicharaza Uskoti 16 kwa 0. Wiki moja baadaye wakaenda Dublin na kuifunga Ayalandi 38 kwa 0. Mkizingatia kwamba trai ilikuwa na pointi 3 tu, mtaona ukubwa wa ushindi huo: siku hiyo Springboks walivuka mstari mara kumi, na mara mbili kati ya hizo mpira ulikuwa mikononi mwa Jackie. Tarehe 14 Desemba walikuwa Cardiff, na Wales hawakutaka mchezo. Mechi nzima iliamuliwa kwa penalti moja ya Dougie Morkel, 3 kwa 0. Halafu ikafuata ile ya Twickenham, ambapo Dougie alipiga penalti mbili na Jackie akafunga trai. Pointi zote 9 za Afrika Kusini zilitoka kwa watu wa ukoo mmoja. Mwisho, tarehe 11 Januari 1913, waliishinda Ufaransa 38 kwa 5 mjini Bordeaux.

Timu hiyo ndiyo ya kwanza kutoka Afrika Kusini kuyashinda mataifa yote manne ya visiwa vya Uingereza katika ziara moja. Jackie Morkel alikuwa uwanjani katika mechi zote hizo.

Na hapo ndipo maisha yake ya raga ya kimataifa yalipoishia. Kuanzia Uskoti hadi Bordeaux ni wiki saba kamili. Afrika Kusini hawakucheza tena mechi ya kimataifa mpaka mwaka 1921, na wakati huo Jackie alikuwa ameshazikwa miaka mitano iliyopita. Mimi huwa naifikiria hiyo hesabu ya wiki saba. Muhula mmoja wa shule ni mrefu kuliko hapo.

Nisiwafiche jambo lingine. Timu ile ilikuwa ya wazungu watupu. Huko Cape Town walikuwepo watu weusi na watu wa rangi mchanganyiko waliocheza raga kwa ustadi, lakini mlango wa timu ya taifa ulifungwa mbele yao. Mchezaji wa kwanza asiye mzungu kuichezea Springboks mechi ya kimataifa, Errol Tobias, alivaa jezi hiyo mwaka 1981. Ninaposema Jackie alikuwa mchezaji hodari, namaanisha hivyo kwa moyo wote, lakini muelewe pia kwamba hatutajua kamwe ni nani angeweza kumnyang'anya namba kama milango ingekuwa wazi.

Uingereza iliingia katika Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia Agosti 1914. Poulton, aliyekuwa mrithi wa utajiri wa kiwanda cha biskuti cha Huntley & Palmers, na ambaye mwaka huohuo wa 1914 alikuwa nahodha wa Uingereza na kuwafunga Wafaransa trai nne katika mechi moja, aliingia jeshini. Tarehe 5 Mei 1915, mdunguaji wa Kijerumani alimpiga risasi kwenye mahandaki karibu na Ploegsteert, Ubelgiji.

Vita vya Morkel vilikuwa vya namna nyingine kabisa. Wakati ule Tanganyika ilitawaliwa na Wajerumani, na Kenya na Uganda zilitawaliwa na Waingereza. Mapema mwaka 1916 Jenerali Jan Smuts alikuja na maelfu ya askari kutoka Afrika Kusini ili kuwafukuza Wajerumani. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa na jeshi dogo ambalo askari wake wengi walikuwa Waafrika, na mbinu yake ilikuwa kuwachosha adui kwa kurudi nyuma na kuwavuta ndani zaidi.

Mwezi Aprili, Smuts alimtuma Jenerali Jaap van Deventer na askari wa farasi kutoka upande wa Arusha kwenda Kondoa Irangi. Ni safari ya zaidi ya kilomita 200, karibu sawa na kutoka Kericho hadi Nairobi. Jackie Morkel alikuwa katika kikosi cha wapelelezi wa Van Deventer, wale wanaotangulia mbele ya jeshi kutafuta adui yuko wapi, maji yako wapi na njia inapitika wapi.

Waliondoka masika yakianza. Mnaujua udongo mwekundu wa Kabianga baada ya mvua ya alasiri, unavyonata hadi kiatu kinabaki nyuma mguu ukienda mbele. Wao walikutana na udongo mweusi wa mbuga, ambao ni mbaya zaidi, na mvua ilinyesha siku baada ya siku. Malori yalizama hadi ekseli. Mbung'o waliwauma farasi, na farasi wa kusini hawana kinga ya ugonjwa wa nagana; walikufa kwa mamia wakiwa bado na matandiko mgongoni, na wapanda farasi wakawa waenda kwa miguu. Walipoingia Kondoa tarehe 19 Aprili 1916, lile lilikuwa jeshi la wagonjwa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Mei Lettow-Vorbeck aliwashambulia kwa nguvu, nao wakamzuia. Risasi zilimkosa Morkel. Kilichompata ni kuhara damu, na alifariki tarehe 15 Mei 1916.

Niwaeleze ugonjwa huo, kwa sababu kijana mwenye afya ya kucheza senta Twickenham hafi kirahisi. Kuhara damu huletwa na vijidudu vinavyoingia kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Jeshi la maelfu ya watu likipiga kambi penye mafuriko, vyoo na visima vinakuwa kitu kimoja. Utumbo huvimba na kutoka damu. Mgonjwa huenda haja mara ishirini, thelathini kwa siku, na kila mara mwili unapoteza maji na chumvi, mpaka macho yanadidimia na ngozi ukiifinya hairudi mahali pake. Leo kwenye zahanati yoyote ya Kericho mngepewa pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji safi, na dawa ya kuua vijidudu. Mwaka 1916 antibiotiki hazikuwepo. Hata penisilini iligunduliwa mwaka 1928. Katika vita vya Afrika Mashariki magonjwa yaliua watu wengi kuliko silaha, kwa mbali sana.

Morkel hakuwa peke yake kati ya wale wa ziara ya 1912. Gerald Thompson, fowadi aliyecheza naye dhidi ya Uskoti, Ayalandi na Wales, aliuawa vitani Kangata, kusini mwa mto Pangani, tarehe 20 Juni 1916. Wote wawili wamezikwa Dar es Salaam, katika makaburi ya vita yaliyo kando ya barabara ya kwenda Bagamoyo. Mawe yao yana majina, vikosi na tarehe.

Sasa nifike kwenye sehemu ya hadithi hii inayoniuma.

Jeshi la Van Deventer pale Kondoa lilikula nini, ikiwa malori yamezama na farasi wamekufa? Lilikula vilivyoletwa kwa vichwa vya watu. Wapagazi walibeba unga, biskuti na risasi kwa zaidi ya kilomita 150 kwenye maji na tope, kila mmoja na mzigo wa kilo 25 hivi. Katika vita hivyo vyote, serikali ya kikoloni iliwachukua zaidi ya watu laki moja kutoka Kenya pekee kuwa wapagazi, wengi wao kutoka Nyanza, Magharibi, Ukambani, Kikuyu na Pwani. Mwanzoni waliitwa kwa kushawishiwa, baadaye machifu wakapewa idadi ya watu wa kutoa, na mwaka 1917 msako ukawa mkubwa kiasi kwamba vijana walilala porini. Walipewa unga ambao haukukobolewa vizuri na kuni zilizolowa, hivyo walikula ugali mbichi, na matumbo yao yakaharibika. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao waliuawa na ugonjwa uleule uliomuua Jackie Morkel.

Mimi naweza kuwaambia Morkel alikuwa wapi tarehe 30 Novemba 1912, alifunga mara ngapi na nani alisimama nyuma yake. Naweza kuwaambia tarehe aliyokufa. Kuhusu mtu aliyembebea unga wake siwezi kuwaambia chochote. Makarani wa jeshi waliandika orodha nyingi, lakini wapagazi hawakuwekewa makaburi yenye majina. Sanamu ya shaba iliyo katikati ya Nairobi, ile inayoonyesha askari na mpagazi, inawaheshimu kwa jumla, bila kumtaja hata mmoja.

Mtaniuliza, na Kericho inaingia wapi? Vita vilipokwisha, serikali ilitaka kuwazawadia maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa. Ikakata ekari 25,000 hivi za ardhi ya Wakipsigis hapa Kericho na kuwapa walime kitani, mmea unaotoa nyuzi za kufumia nguo. Mwenye ardhi hakuulizwa. Kitani kilikuwa na bei nzuri wakati wa vita kwa sababu kilitumika kutengenezea hata vitambaa vya mabawa ya ndege, lakini mara tu vita vilipokwisha bei ikaporomoka, na mpango wote ukafa baada ya miaka michache. Wakipsigis hawakurudishiwa ardhi. Katikati ya miaka ya 1920 ilienda kwa kampuni za chai, Brooke Bond na James Finlay. Ndiyo mashamba yale ya kijani mnayoyaona yakipanda na kushuka hadi msitu wa Mau, na wazee wenu wanadai haki yao juu ya ardhi hiyo hadi leo. Mwaka 1925, chai ikiwa ndio kwanza inapandwa, serikali ilifungua shule ya Kabianga.

Raga nayo ilifika Kenya na hao hao wakoloni. Mechi ya kwanza inayokumbukwa ilichezwa Nairobi mwaka 1909, maofisa wa serikali dhidi ya masetla. Mwaka 1928 mabaharia wa meli ya kivita HMS Enterprise walitoa kombe ambalo klabu za Kenya bado zinaligombea. Wenye mashamba ya chai wa Kericho nao walikuwa na timu yao. Kwa muda mrefu Mwafrika aliingia uwanjani kukata nyasi. Mlango ulifunguka polepole, kupitia shule zaidi ya klabu, na walioupitia wakafika mbali: tarehe 17 Aprili 2016 mjini Singapore, Kenya iliifunga Fiji 30 kwa 7 na kutwaa kombe lake la kwanza katika mashindano ya dunia ya raga ya wachezaji saba, Collins Injera akifunga trai mbili kwenye fainali. Ilikuwa ni miaka mia moja kasoro siku mbili tangu Van Deventer aingie Kondoa.

Gerhard Morkel alinusurika. Mwaka 1921 alisafiri na Springboks kwenda New Zealand pamoja na akina Morkel wengine wanne, akacheza fulbeki kama zamani. Mechi ya tatu na ya mwisho, huko Wellington, ilichezwa kwenye mvua na tope, ikaisha 0 kwa 0. Mbele yake, kwenye namba ya mdogo wake, alicheza mtu mwingine.

Nina ombi, hasa kwa wale ambao mababu zao walikuja hapa kuchuma chai kutoka Kisii, Siaya, Vihiga au Kakamega. Darasani mwenu mko wengi. Likizo hii, muulizeni bibi au babu kama katika ukoo wenu kuna mtu aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita vya Wajerumani. Muulizeni jina lake, la baba yake, kijiji alichotoka, nani alikuja kumchukua, kama aliacha mke au ng'ombe, na kama alirudi. Msisubiri hadi mwaka kesho, kwa maana wanaokumbuka waliambiwa na watu ambao hawapo tena. Andikeni kwa kalamu ya wino, wekeni tarehe na jina la aliyewasimulia, kisha mleteeni mwalimu wenu wa historia.